Mzee Lambert Katika Nyumba ya Kiingereza

Mzee Lambert anaitwa mzee kwa sababu alianza kujiita hivyo mwenyewe akiwa na miaka arobaini na minne. Sasa ana hamsini na tisa na jina limemkaa. Yeye ni Mushi kwa kabila, alizaliwa Kabare, nje ya Bukavu, akafika Johannesburg mwaka 2004 kwa njia ya Zambia. Tangu hapo ameongoza magari ya watu kwenye maegesho, amelinda ghala la fanicha miaka tisa, na sasa anauza mikanda na tai Newtown siku tatu kwa wiki. Hizo ni kazi za halali na hakuna anayezidharau isipokuwa yeye. Ukimuuliza anafanya nini atakwambia, "Miye niko rais wa familia." Familia yenyewe, hapa Johannesburg, ni watu watatu.

Wa pili ni dada yake Célestine, msusi, mwanamke mwenye simu nzuri na maoni mengi. Wa tatu ni Murielle, binti wa kaka yao mkubwa aliyefia Bukavu. Murielle ana chumba cha kushonea kwenye Jules Street, Malvern. Anashona sare za shule na majoho ya kwaya. Pango la nyumba wanayoishi wote watatu hulipa yeye, na chakula hupika yeye. Kwenye vikao vya familia hukaa karibu na mlango ili aweze kuinuka kuleta chai.

Mimi napanga chumba cha mbele katika nyumba hiyohiyo. Mwandiko wangu unasomeka, kwa hiyo Mzee Lambert alinipa kazi ya kuandika mihtasari ya vikao. Hajawahi kuisoma hata mmoja, ndiyo maana imebaki sahihi.

Baba yake Murielle alipofariki, Lambert akiwa baba mdogo alirithi haki ya kumwoza. Kati ya vyote ambavyo mtu angeweza kurithi kutoka kwa kaka yake, yakiwemo makaburi mawili ya kutunza na mama mgonjwa, Lambert alichukua hicho kimoja. Mwaka 2015 alikuja kijana aitwaye Gaël, fundi wa viyoyozi, mtu mpole. Lambert alimkataa kwa sababu wajumbe wake walikuwa watatu badala ya watano, na mmoja alikuwa amevaa ndala. Mwaka 2019 alikuja mwalimu kutoka Lubumbashi. Huyo hakukataliwa. Aliahirishwa. Kikao cha kwanza kiliahirishwa kwa sababu ya mvua, cha pili kwa sababu Lambert aliumwa tumbo, cha tatu kwa sababu Célestine hakupenda namna mwalimu alivyocheka, cha nne bila sababu. Mwalimu akachoka, akaoa kwingine, na gauni la bibi harusi lilishonwa na Murielle. Nilimwona akilipiga pasi. Lilikuwa limeshonwa vizuri sana.

Kwa hiyo Anatole alipojitokeza, Murielle akiwa na miaka thelathini na saba, kila aliyemfahamu alijua hii ndiyo nafasi ya mwisho atakayokubali kuisubiri. Anatole ni Mrundi wa Rumonge, ana arobaini na mbili, anaongea taratibu, na ana kazi ya kudumu yenye karatasi zote. Alianza kwa kuleta suruali ya kupunguzwa kiuno, kisha akaleta nyingine, kisha akaleta suruali ambayo haikuwa na shida yoyote. Murielle akaipokea na kuiangalia pande zote mbili.

"Hii inakuenea," alimwambia.

"Najua, dada. Lakini suruali zangu zimekwisha."

Lambert hakuuliza Anatole anafanya kazi gani. Nina hakika kwa sababu kikao cha tarehe 7 Julai 2024 nilikiandika mwenyewe. Aliuliza kama ana suti, kama ana wazee wa kumsemea, na kama Warundi wanajua kwamba familia yake yeye Lambert ni familia ya watu wakubwa. Kisha akageukia jambo lililomkera zaidi.

"Batatufikia wapi? Hapa?" Akaonyesha sebule, ambamo blanketi limetundikwa kutenga kitanda chake. "Bakaone hii? Batasema binti wa Mushi anatoka kwenye pazia!"

"Ukumbi wa parokia upo, baba mdogo," alisema Murielle.

"Ukumbi wa parokia ni ya batu yote. Bakwe banapokelewa kwako."

Hapo Célestine akatoa simu. Alikuwa ameona picha. Nje ya mji, upande wa Muldersdrift, kuna nyumba kubwa iliyojengwa kwa mfano wa nyumba za mabwana wa mashambani Uingereza. Ina mabomba ya moshi sita, bwawa la bata, na majani yanayotambaa ukutani. Hukodishwa kwa harusi. Wanaotaka kufanya harusi hapo hukaribishwa kwanza siku ya Jumatano kuiangalia, na huku wakiangalia hupewa chai, keki na mikate midogo ya siagi, bila malipo.

"Bila malipo?" aliuliza Lambert.

"Bila malipo, kaka. Unaandikisha jina tu. Batu kumi."

Sikuwahi kumwona Mzee Lambert akifikiri kwa kasi namna ile. Mpango uliwekwa palepale. Wakwe wangepokelewa katika nyumba ya Kiingereza. Wangeambiwa ni ya rafiki yake mkubwa, mzungu mmoja, ambaye humwachia funguo. Chai ingeletwa na watumishi waliovaa nguo nyeupe. Murielle aliuliza ingekuwaje kama ukweli ungejulikana. Lambert akasema, "Miye sisemi kitu, lakini bibi harusi anayeuliza maswali ndiyo ule anayebakia nyumbani." Murielle akaenda kuleta chai.

Tarehe 27 Julai, Jumamosi, Lambert alikwenda kuikagua nyumba. Aliazima Mercedes ya zamani ya fundi mmoja wa Malvern na kunichukua mimi na Célestine. Langoni palikuwa na kibanda na mlinzi mwenye sare ya kijani, koti limefungwa hadi shingoni kwa baridi, daftari la wageni mkononi. Aliinama dirishani, akamsalimia Lambert kwa heshima, akamwomba aandike jina na afungue buti.

"Weye," alisema Lambert akiangalia mbele, "unajua unasemesha nani?"

"Ni utaratibu, mzee. Kila gari."

"Kila gari ya maskini. Fungua geti."

"Nitafungua, mzee. Buti tu."

Lambert alikataa kushuka. Alitupa funguo nje ya dirisha, zikaanguka kwenye changarawe. Mlinzi akaziokota, akafungua buti, akaangalia gurudumu la akiba na katoni ya mikanda, akafunga, akarudisha funguo kwa mikono miwili. Lambert alizipokea bila kugeuza shingo. "Mijitu ya geti," alimwambia Célestine tulipopita. "Ukiipatia kofia inajiona serikali." Na anayesema hivyo ndiye aliyekaa langoni pa ghala la fanicha miaka tisa.

Mlinzi huyo alikuwa Anatole. Nilimtambua kabla hajamaliza salamu, kwa kuwa kila Jumapili hupita dirishani kwangu akija kumwona Murielle. Lambert alikuwa ameshampa mkono mara mbili baada ya misa, na mara zote mbili alikuwa akiangalia juu ya bega lake kutafuta mtu mkubwa zaidi wa kusalimia. Célestine alikuwa ameinamia simu yake. Mimi nilinyamaza, kama ninavyonyamaza daima, na sioni fahari yoyote katika hilo.

Kesho yake Anatole alimweleza Murielle kwenye chumba cha kushonea. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa nimeleta shati la kubadilishwa kola.

"Ile nyumba uliyoniambia ni kazini kwangu," alisema. "Mzee anataka kunipokea kazini kwangu na kuniambia ni kwa rafiki yake."

Murielle alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. "Tukimwambia, ataona haya. Akiona haya atavunja. Ndivyo alivyo."

"Na tusipomwambia?"

"Omba siku hiyo mapumziko. Vaa suti. Waambie wenzako wajifanye hawakujui. Saa mbili tu, Anatole. Nimesubiri miaka tisa, saa mbili hazinishindi."

Jambo walilohitaji lilikuwa moja, na kwa wasiojua desturi ya watu wa Kabare nitalieleza. Wajumbe wa mwanamume huja na chupa. Chupa huwekwa mezani ikiwa imefungwa, na mzee wa upande wa binti humuuliza binti mbele ya wote, mara tatu: Tunywe? Mara mbili za kwanza binti hunyamaza, asionekane ana pupa. Mara ya tatu akisema mnywe, chupa hufunguliwa, wazee wa binti hunywa kwanza, na aliyekunywa hawezi tena kusema hakukubali. Hakuna barua wala muhuri unaolizidi neno hilo. Lakini lazima mzee aulize. Asipouliza, binti hana pa kujibia.

Jumatano tarehe 14 Agosti upepo wa vumbi ulikuwa mkali na nyasi zote za njiani zilikuwa kavu. Langoni alikuwepo mlinzi mwingine, Twalib, Mrundi pia, wa Buyenzi. Katika nyumba ile ni marufuku kuingiza kinywaji cha nje, na kazi ya mlinzi ni kukitafuta. Twalib alifungua buti la gari la Warundi, akaiona chupa ya mvinyo imefungwa kitenge kama mtoto mchanga, akasema, "Sijaona kitu, wazee wangu. Macho yana vumbi."

Msemaji wa Warundi alikuwa Mzee Ignace, fundi seremala, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo watu huinama kuisikiliza. Walikuja watano kamili, wote na viatu. Nadhani habari za ndala zilikuwa zimewafikia.

Ndani nyumba ilikuwa vilevile kama picha, jambo ambalo si sifa. Imejengwa miaka kumi na tano iliyopita na tajiri wa kokoto. Mabomba sita ya moshi hayajawahi kutoa moshi. Ukutani kuna picha za Wazungu waliokufa zamani, zilizonunuliwa kwa mnada, wala hakuna hata mmoja aliye ndugu wa mwingine. Lambert alisimama chini ya mmoja wao mwenye masharubu.

"Huyu," alisema, "ni babu ya rafiki yangu. Hii nyumba, bakwe, nimekuja humu mara nyingi sana. Miye na rafiki yangu tunakulaka humu, tunalalaka humu. Ananiambia, Lambert, kwangu ni kwako."

"Mungu ambariki," alisema Mzee Ignace. "Na choo kiko wapi, mzee wetu? Safari imekuwa ndefu."

Lambert akageuka kushoto, akageuka kulia, akafungua mlango mmoja. Ulikuwa wa kabati la mifagio.

"Kule, wa pili," alisema Anatole kwa sauti ya chini, kisha akaangalia viatu vyake.

Chai ikaja. Mama wa jikoni alimwona Anatole kwenye suti, akakaza midomo kuzuia cheko, na kumwekea keki mbili. Célestine alikula nne na kufunga tatu kwenye karatasi. Lambert alianza hotuba. Alianzia kwa babu yao aliyewapokea Wabelgiji, akapita kwa baba yao, akafika kwake na kukaa hapo. Ilipita nusu saa. Murielle alikuwa ameketi kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha katikati, mikono magotini, akiiangalia chupa. Kila Lambert alipovuta pumzi, alinyanyua kichwa. Kila alipoendelea, alikiteremsha.

Saa nane kasorobo mlango ukafunguliwa akaingia meneja wa nyumba, dada mmoja mchangamfu mwenye fomu mkononi, ambaye siku za Jumatano kwa kawaida hafiki kabla ya saa tisa. Aliwasalimia wote kwa Kiingereza, akafika kwa Anatole, akasimama.

"Anatole! Eish, umependeza! Ndiyo maana uliomba mapumziko? Kumbe bwana harusi ni wewe! Mlinzi wetu bora kuliko wote," aliwaambia wageni, "miaka sita langoni, hajachelewa hata siku moja."

Célestine alitafsiri bila kuombwa, kwa sauti kubwa, akiwa na keki mdomoni. Sidhani alitaka kumwumiza kaka yake. Hawezi tu kujua jambo peke yake.

Lambert alimwangalia Anatole usoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Niliona akimtafuta, akimpata, akiziona funguo kwenye changarawe.

"Ni weye," alisema. "Wa geti."

"Ni mimi, mzee."

"Na ulinyamaza."

"Ulikuwa na haraka, mzee."

Mmoja wa Warundi alikohoa kwa namna ambayo haikuwa kikohozi. Lambert akasimama, akafunga vifungo vya koti. Alisema amedanganywa. Alisema binti wa Mushi haolewi na mtu wa kofia. Alisema kikao kimeahirishwa mpaka atakapopata habari kutoka Bukavu, na kila mtu aliyejua historia ya mwalimu wa Lubumbashi alielewa maana yake. Murielle hakulia. Aligeuka mweupe kuzunguka midomo na kusema kwa sauti isiyopanda, "Baba mdogo, uliza kwanza."

"Siulizi kitu."

Meneja hakuelewa Kiswahili na alidhani wanajadili idadi ya viti. "Basi nijazie fomu," alisema. "Harusi ni lini, na wageni wangapi? Au mmekuja kuangalia tu? Kwa sababu, sir, kuna watu wanakujaga kula keki zetu na hawana harusi yoyote."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini alimwangalia Lambert, na wahudumu wawili wenye nguo nyeupe walimwangalia pia. Mwanamume mwingine angesema samahani. Lambert alitazama sahani tupu, akatazama karatasi ya Célestine iliyokuwa ikitoa mafuta, akanyoosha shingo.

"Harusi iko," alisema kwa Kiingereza. "Desemba. Batu mia tatu."

Meneja akaandika.

"Tumesikia," alisema Mzee Ignace, na kila mtu akainama kumsikiliza. "Mzee wetu amemwambia mwenyeji kwamba harusi ipo. Ameandikwa. Sasa aulize, tunywe."

Lambert aliangalia fomu, akaangalia mlango. Kusema hakuna harusi kungemfanya mla keki. Kusema ipo kungemlazimu aulize. Kati ya kumwachia mpwa aolewe na kuitwa mla keki mbele ya wahudumu, hakusitasita hata kidogo, na watu waliosema baadaye kwamba moyo wake ulilainika hawakuwepo.

Akanyoosha mkono kwenye chupa. Meneja akaiona.

"Aa-aa. Hiyo hapana. Kinywaji cha nje hakifunguliwi humu. Anatole, wewe unajua kabisa!"

"Najua," alisema Anatole.

Kwa hiyo tulitoka wote kumi, tukapita bata, tukapita lango, na kusimama ukingoni mwa barabara kando ya kibanda cha mlinzi, malori ya mchanga yakipita na kuturushia vumbi. Twalib alileta vikombe vya plastiki na kiti chake kimoja, akamwekea Mzee Ignace. Lambert alibaki amesimama, chupa mkononi, tai imepeperuka begani.

"Murielle," alisema, akitazama barabara. "Bakwe banaleta hii. Tunywe?"

Murielle alinyamaza, kama desturi.

"Tunywe?"

Alinyamaza.

Hapo Lambert akafanya jambo ambalo nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye daftari. Aliipakata chupa kifuani na kusema haraka, "Mumeona. Hana jibu. Mtoto hataki. Miye nitamulazimisha?" Akaanza kutembea kuelekea Mercedes.

"Baba mdogo." Murielle hakuondoka pale aliposimama. "Bado moja."

"Umenyamaza."

"Nimenyamaza mara mbili. Bado moja. Hata mtoto mdogo wa Kabare anajua kuhesabu mpaka tatu. Rudi, uliza."

Célestine alisema, "Kaka, rudia basi, baridi inatumaliza." Warundi watano walimwangalia. Twalib alimwangalia. Dereva wa lori lililosimama kungoja lango lifunguliwe alimwangalia, bila kujua kwa nini. Lambert akarudi hatua nne. Alinung'unika kitu kwenye ukosi wa koti lake.

"Sijasikia," alisema Murielle.

"Tunywe?"

"Mnywe," alisema Murielle. "Na weye unywe wa kwanza, baba mdogo. Yote. Niangalie inashuka."

Mzee Ignace alifungua chupa kwa kisu chake cha kazi. Anatole alishika kikombe kwa mikono miwili na kumpelekea Mzee Lambert, na safari hii Mzee Lambert alilazimika kumwangalia, kwa sababu upepo ulikuwa ukimwaga mvinyo na hakutaka upotee. Alikunywa. Murielle alifuata koo lake kwa macho mpaka kikombe kikawa kitupu. Kisha akashusha pumzi ndefu, akachukua mkoba wake, akaenda kusimama upande wa Anatole.

"Ni mutamu," alisema Lambert, akikinyoosha kikombe kwa Mzee Ignace. "Bon. Miye sisemi kitu, lakini mbona mumeleta chupa moja tu?"